Laxton, kijiji kinachokagua mipaka yake kila mwaka

Katika mkoa wa Nottinghamshire, Uingereza, kuna kijiji kidogo kiitwacho Laxton. Ukipita na gari utaona nyumba za matofali mekundu, kanisa la mawe, baa moja, na nyumba za wakulima zilizopangana kando ya barabara huku maghala yao yakiwa uani. Vijiji vya namna hiyo ni vingi huko. Lakini ukitoka kwa miguu na kufuata njia ya matrekta, baada ya muda mfupi unafika kwenye shamba kubwa lisilo na uzio, wala ua wa miti, wala senyenge. Limegawanywa vipande virefu, na kila kipande kina mkulima wake. Kinachotenganisha kipande na kipande ni kigingi kifupi cha mti na makubaliano ya watu.

Mimi nimezaliwa na kukulia Kilosa, mkoani Morogoro, ambako mpaka wa shamba ni jambo la kufa na kupona. Kwa hiyo kijiji hiki kimenigusa kuliko majumba ya kifalme ya London ambayo ndugu wakija huku hutaka kwanza kupelekwa kuyaona.

Nilikifahamu kwa sababu ya kazi. Nahudumia wazee majumbani katika vijiji vya kati ya Newark na Ollerton: unamwamsha mtu, unamwogesha, unampa dawa zake, unamwandalia kifungua kinywa, kisha unaingia kwenye gari kumwahi mwingine. Mmoja wao alikuwa mkulima wa Laxton aliyestaafu. Nitamwita Mzee, kama nilivyozoea kumwita. Mikono yake ilikuwa imekwisha nguvu, hata kikombe ilibidi nimshikie, lakini mashamba yale aliyajua kipande kwa kipande. Aliposikia kwamba wazazi wangu ni wakulima, habari za hali ya hewa zikaisha. Kila asubuhi likawa somo, na mimi nikawa naondoka kwake nimechelewa.

Mashamba makubwa ni matatu: West Field, Mill Field na South Field. Kila mkulima ana vipande katika yote matatu, na vipande vyake havikai pamoja. Kimoja kiko huku, kingine kule, kingine ng'ambo ya bonde. Mwaka huu shamba moja linapandwa ngano kabla ya baridi kuingia. La pili linapandwa baridi ikiisha, shayiri au maharage. La tatu linapumzishwa au linaachwa kuwa malisho. Mwaka unaofuata kila shamba linahamia zamu nyingine, na baada ya miaka mitatu mzunguko umekamilika. Hakuna mkulima anayeweza kuamua peke yake kupanda ngano katika shamba lililo kwenye zamu ya kupumzika.

Nilimuuliza Mzee kwa nini vipande vimetawanywa hivyo, maana hata kwa trekta ni usumbufu kuhama huku na kule. Akaniambia niangalie viatu vyangu. Udongo wa Laxton ni mfinyanzi mwekundu, mzito, unaong'ang'ania soli. Bondeni maji yanatuama, mwinukoni unakauka mapema. Mtu akipewa eneo moja la bondeni peke yake, mwaka wa mvua nyingi ana njaa. Aliyepewa mwinuko, mwaka wa kiangazi kikali ana njaa yeye. Kwa kutawanya vipande, hasara na neema vinagawanywa kwa wote. Urefu wa vipande nao una sababu. Zamani walilima kwa maksai, na kipimo cha kawaida cha mfereji mmoja wa plau kilikuwa kama mita 200, mwendo ambao wanyama wangeweza kuvuta kabla ya kupumua na kugeuzwa.

Katikati ya vipande kuna sehemu za mabondeni zenye maji mengi na miteremko mikali, ambazo plau haziwezi kuingia. Zinaitwa sykes. Hazijawahi kulimwa, ndiyo maana zina maua ya porini ambayo sehemu nyingine za Uingereza yamekwisha, na leo zinalindwa na sheria za mazingira. Majani yake huuzwa kwa mnada kila mwaka kiangazi kinapoanza, na aliyenunua huenda kuyafyeka na kuyakausha kwa ajili ya mifugo. Hata nyasi za bondeni, kwa hiyo, zina utaratibu wake na siku yake.

Kijiji chenyewe ni cha kale. Kimo katika kitabu cha hesabu ya ardhi cha mwaka 1086, alichoagiza Mfalme William. Upande wa kaskazini kuna kilima cha udongo kilichojengwa kwa mikono katika zama za Wanormani, watu waliovuka kutoka Ufaransa na kuiteka Uingereza, na juu yake palikuwa na ngome. Leo ni majani matupu na kondoo, lakini umbo la ngome bado linaonekana wazi. Kanisani, katika St Michael, wamelazwa mabwana na mabibi wa ukoo wa Everingham kwa sanamu za mawe, na mmoja, mwanamke, kwa sanamu ya mti. Sanamu za mti za enzi zile zimebaki chache sana katika Uingereza nzima.

Hazina kubwa kuliko hizo haiko kijijini. Mwaka 1635 mpima ardhi aliyeitwa Mark Pierce alichora ramani ya Laxton yote kwa ajili ya mwenye ardhi wa wakati huo, Sir William Courten. Kila kipande kimechorwa na kuandikwa nani anakilima. Vilikuwa zaidi ya elfu mbili. Katikati ya vipande amechora watu wadogo wadogo wakilima, wakivuna, wakichunga. Ramani hiyo imehifadhiwa katika maktaba ya Bodleian mjini Oxford. Nimeitazama nakala yake kwa muda mrefu, na kilichonishangaza ni kwamba barabara za kijiji na mashamba makubwa matatu bado viko pale pale.

Wakati ule mpangilio huu haukuwa ajabu. Sehemu kubwa ya katikati ya Uingereza ililimwa hivyo. Kilichoubomoa ni sheria. Kati ya mwaka 1604 na 1914 Bunge lilipitisha zaidi ya sheria 5,200 za kufunga mashamba ya pamoja, na eneo lililohusika lilifika ekari milioni 6.8, karibu sehemu moja ya tano ya nchi. Vipande viliunganishwa, ua wa miti ukapandwa kuzunguka kila shamba, na malisho ya wote yakawa mali ya mmoja. Waliotetea sheria hizo walisema kilimo kitaendelea, na ni kweli wenye mashamba makubwa waliweza kulima vizuri zaidi. Lakini mtu ambaye haki yake pekee ilikuwa kuchunga ng'ombe mmoja kwenye malisho ya kijiji mara nyingi hakupata kitu, au alipata kijieneo kidogo asichoweza hata kumudu kukizungushia ua, akakiuza.

Si mbali na Laxton, katika mji wa Southwell, kuna jumba kubwa la maskini lililojengwa mwaka 1824. Sasa ni makumbusho. Asiyekuwa na ardhi wala kazi aliingia humo. Wanaume upande wao, wanawake upande wao, watoto upande wao. Nilikwenda siku moja ya mapumziko nikapita chumba hadi chumba. Sisemi kwamba kila aliyelala humo alinyang'anywa shamba, maana umaskini wa zama zile ulikuwa na sababu nyingi. Lakini tangu siku ile siwezi kuyatazama yale mashamba mazuri yenye ua wa miti, ambayo watalii huyapiga picha na kusema ndiyo Uingereza ya asili, bila kukumbuka kwamba ua ule ulipandwa juu ya haki za watu.

Laxton ilinusurika. Ardhi yake kwa muda mrefu ilikuwa mikononi mwa wamiliki kadhaa, na kuifunga kulihitaji waafikiane na kubeba gharama. Baadhi ya maeneo ya pembeni yalifungwa, lakini mashamba makubwa matatu yakabaki. Mwanzoni mwa karne ya 20 Earl Manvers, aliyekuwa amemiliki sehemu kubwa ya kijiji, aliunganisha vipande vidogo vikawa vichache na vikubwa zaidi ili vifae kwa mashine. Mwaka 1952 ardhi iliuzwa kwa Wizara ya Kilimo kwa nia ya kuuhifadhi utaratibu huu. Mwaka 1981 ikaenda kwa Crown Estate, taasisi inayosimamia mali za ufalme, na mwaka 2020 ikanunuliwa na Thoresby Estate, mali ya familia inayotokana na kina Manvers wale wale. Nayasema haya kwa sababu Waafrika wenzangu nikiwasimulia hudhani Laxton ni kama ujamaa wa kizungu. Hapana. Wakulima wengi wa pale ni wapangaji wanaolipa kodi kwa mwenye ardhi. Lakini usimamizi wa mashamba, mwaka hadi mwaka, uko mikononi mwao.

Usimamizi huo unafanywa na baraza linaloitwa Court Leet. Mabaraza ya aina hii yalikuwa kila mahali Uingereza katika zama za kati, na yaliyobaki mengi ni ya sherehe tu. Mwaka 1977 Bunge lilipofuta mamlaka ya mahakama hizi za kale, sheria ilizitaja mbili tu kwamba zisiguswe, na mojawapo ni ya Laxton. Kwa hiyo faini inayotozwa pale ni faini ya kisheria.

Mwishoni mwa Novemba kuna siku ya ukaguzi. Baraza la mwaka uliopita huwa limeshateua jopo la wakaguzi chini ya kiongozi wao, na kazi yao ni kulikagua shamba lililopandwa ngano mwaka huo. Mzee aliwahi kuwa mmoja wao kwa miaka mingi, na mwanawe bado ni mkulima pale. Ndiye aliyenialika nikaone, na mimi nikaomba ruhusa kazini.

Tulitoka asubuhi, baridi ikiuma masikio. Wakaguzi walipanda tela linalovutwa na trekta, wakiwa wamebeba vigingi vipya, nyundo na majembe. Wakifika shambani wanashuka na kugawana sehemu. Wanatazama kama mkulima amevuka mpaka wa jirani, kama plau imemega njia ya wote, kama imeingia kwenye nyasi za sykes, kama mitaro ya maji imezibuliwa. Kigingi kilichooza wanang'oa na kupigilia kipya. Pakiwa na shaka wanapima kwa kutazama mstari kutoka kigingi hadi kigingi, mmoja amesimama huku na mwingine kule, wanapigiana kelele za kushoto na kulia. Kosa linaandikwa na kiasi cha faini kinakubaliwa na jopo zima. Ni pauni chache tu.

Nilichokiona pale kilinifundisha zaidi ya somo lolote la utawala bora nililowahi kukalishwa. Wakaguzi ni wakulima wenyewe. Mtu anakagua kipande cha mwenzake, na mwakani mwenzake atakagua chake. Mbele yangu walisimama kwenye mtaro uliojaa matope na mmoja akasema huu ni wangu, sikuuzibua. Hakuna aliyecheka wala kumkemea. Wakaandika wakaendelea na kipande kinachofuata. Aibu ya kusimama mbele ya majirani ilikuwa imeshafanya kazi kabla faini haijatajwa.

Jambo la pili ni udogo wa makosa yenyewe. Walikuwa wanabishana juu ya upana wa unyayo, mahali ambapo plau ilikuwa imejipenyeza kwenye njia ya matrekta. Kwa macho yangu haikuwa kitu. Mkulima mmoja mwenye umri mkubwa akanieleza: unyayo mmoja mwaka huu, zamu ikirudi baada ya miaka mitatu ni unyayo mwingine, na mwanao akirithi hakuna njia tena. Ndiyo maana wanapita kila mwaka, hata mwaka ambao hakuna mlalamikaji.

Hapo ndipo nilipoiona Kilosa yangu. Desemba 2000 nilikuwa mtoto, lakini nakumbuka vilio. Kule Rudewa Mbuyuni watu 38 waliuawa katika mgogoro wa wakulima na wafugaji. Baada ya hapo tulipata mipango mingi mizuri. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 ilikuwapo tayari, ikiwapa wanakijiji mamlaka juu ya ardhi yao kupitia halmashauri ya kijiji na mkutano mkuu. Kijijini kwetu walikuja wapimaji, bikoni za zege zikasimikwa, njia za kupitisha mifugo zikatengwa, ramani ya matumizi bora ya ardhi ikabandikwa ofisini. Baadhi ya watu walipata hati za hakimiliki ya kimila. Kwa mwaka wa kwanza kila mtu aliheshimu. Kisha mmoja akalima hatua mbili ndani ya njia ya ng'ombe, na jirani akaona si haki yeye abaki nyuma. Miaka michache baadaye njia haipitiki, mchungaji analazimika kupitisha ng'ombe kwenye mahindi, na ugomvi unaanza upya. Ramani bado imebandikwa ofisini.

Tulipima mara moja na tukaamini tumemaliza. Hilo ndilo ninaloliona sasa, na linaniuma, kwa sababu hatukukosa sheria wala akili. Tulikosa watu wa kupita na nyundo kila mwaka. Kule kwetu mkaguzi anakuja pale tu damu inapokaribia kumwagika, naye anatoka wilayani, hajui kipande cha nani kiko wapi.

Laxton nao walijua tatizo la mifugo. Kijijini bado lipo zizi la zamani la ukuta, na palikuwa na mtu mwenye kazi maalumu ya kukamata mnyama aliyeingia kwenye mazao na kumfungia humo mpaka mwenyewe alipe. Mnyama hakupigwa mshale wala kukatwa mguu. Alikuwa na mahali pa kungojea.

Wiki moja hivi baada ya ukaguzi, baraza linakutana. Linakutana kwenye baa, Dovecote Inn, maana ndicho chumba kikubwa na chenye joto. Msimamizi wake ni mwanasheria anayeteuliwa na mwenye ardhi. Makosa yanasomwa, faini zinapitishwa, na jopo jipya linaapishwa kwa ajili ya shamba la mwaka unaofuata.

Baa hiyo ndiyo kila kitu kwa Laxton. Ni mahakama, ni mkahawa, ni mahali pa kuulizia nani anaumwa. Nyuma yake, uani, kuna chumba cha maonyesho kinachoeleza historia ya mashamba, na hapo ndipo mgeni anapaswa kuanzia kabla hajatembea. Kuna ukumbi wa kijiji kwa mikutano, na kanisa. Kwa manunuzi ya wiki watu huendesha gari hadi Ollerton au Tuxford, na kwa treni hadi Newark. Kwa kijana mwenye gari hilo si tatizo. Kwa mzee ambaye macho yake yamemzuia kuendesha, kijiji kizuri kama hiki kinaweza kuwa kifungo, na nimewaona wengi wakikaa dirishani wakitazama barabara ambayo zamani waliitawala na trekta. Huduma ambayo watu wa vijijini Uingereza wanaihitaji kuliko zote ni usafiri, na baada yake mtu wa kuja kugonga mlango. Naamini hivyo kwa sababu mara nyingi mgongaji pekee wa siku nzima nilikuwa mimi.

Nje kidogo ya kijiji kuna mahali pengine pa kwenda, ila usiunganishe na matembezi ya furaha. Ni kituo na makumbusho ya kitaifa ya mauaji ya Wayahudi yaliyofanywa na Wanazi, kilichofunguliwa mwaka 1995. Nenda siku yake peke yake, ukiwa na muda wa kukaa bustanini baadaye.

Mzee alifariki majira ya baridi. Sikuweza kwenda mazishini kwa sababu nilikuwa zamu kwa wengine, lakini mwanawe aliniletea picha ya baba yake akiwa kijana, amesimama juu ya tela na kigingi mkononi.

Picha nyingine, zile nilizopiga mwenyewe siku ya ukaguzi, nilimtumia baba yangu mdogo kule Kilosa, ambaye ni mjumbe wa halmashauri ya kijiji. Alipiga simu usiku ule ule. Swali lake la kwanza lilikuwa, "Sasa mwanangu, hao wakaguzi wanalipwa posho kiasi gani?" Nikamwambia wanapewa chakula cha mchana pale baa. Akanyamaza kidogo, kisha akauliza kama vigingi vinanunuliwa na nani, na kama anayeng'oa kigingi anachukuliwa hatua gani. Tuliongea mpaka salio likaisha.

Mkutano mkuu wa kijiji uliofuata alilileta jambo lile: kabla ya mvua za masika, watu watembee njia yote ya mifugo kutoka mtoni hadi malishoni, bikoni kwa bikoni, na waandike wanachokiona. Wakulima walikubali. Wafugaji walikubali pia, ila kwa sharti kwamba nusu ya watakaotembea watoke upande wao na kwamba waanzie kwenye shamba la mjumbe mwenyewe. Baba mdogo anasema kipande chake kimeingia njiani kama hatua tatu, na tayari ameng'oa mihogo ya mstari wa mwisho. Wanagombania bado ni nani atakayeshika daftari.